Mwanangu anaitwa aende Johannesburg: niuze nusu ya shamba?

"Mwanangu wa pili ana miaka 27. Alimaliza ufundi umeme VETA miaka minne iliyopita, na tangu hapo anauza vifaa vya simu kwenye meza yake Mwanjelwa, Mbeya, huku akipata kibarua cha kufunga umeme mara moja moja. Rafiki yake aliyeko Johannesburg anamwita. Nauli na fedha za kuanzia zitapatikana tu tukiuza nusu ya shamba la parachichi hapa Tukuyu. Kilichonichanganya ni redio: nasikia Afrika Kusini watu 33 katika kila 100 hawana kazi, na kwetu ni tisa au kumi. Mbona basi vijana wetu ndio wanaokwenda kule, na wa kule hawaji huku? Tena wanasema ukosefu wa ajira uko juu zaidi Dar es Salaam kuliko vijijini, ilhali kila mtu hukimbilia Dar. Takwimu hizi ni za kweli? Serikali zinafanya nini? Na mimi niuze, nisiuze?"

Shikamoo, mama. Nitaanza na redio kabla ya shamba, kwa sababu tukishaielewa redio suala la shamba litakuwa rahisi kidogo. Ulichosikia ni kweli. Katika robo ya kwanza ya mwaka 2025 ofisi ya takwimu ya Afrika Kusini ilitangaza kiwango cha ukosefu wa ajira cha asilimia 32.9, na kwa Tanzania vipimo vya taifa vimekuwa vikizunguka karibu na asilimia 10 kwa miaka mingi. Hakuna aliyekudanganya. Shida iko katika neno lenyewe, maana sisi tukisema mtu hana ajira tunamaanisha kwamba hana kazi ya kumlisha, ilhali mtakwimu anapotumia neno hilohilo anazungumzia kundi dogo zaidi la watu.

Nimewahi kutembea na dodoso la utafiti wa nguvukazi nyumba kwa nyumba, kwa hiyo nakueleza jambo nililolifanya kwa mikono yangu. Mdadisi akiketi na kaya haulizi kama mtu ana ajira. Huuliza iwapo katika siku saba zilizopita mtu huyo alifanya kazi yoyote ya malipo au ya faida, hata kwa saa moja. Akijibu ndiyo, anaandikwa kuwa ana ajira na dodoso linasonga mbele. Akijibu hapana, ataulizwa kama alitafuta kazi katika wiki nne zilizopita na kama angeweza kuianza upesi endapo angeipata. Asiye na kazi, anayeitafuta na aliye tayari kuianza, huyo ndiye anayehesabiwa kuwa hana ajira kwa kipimo cha kimataifa. Kisha idadi ya watu wa namna hiyo hugawanywa kwa jumla ya wanaofanya kazi na wanaoitafuta. Wale 33 wa redioni, kwa hiyo, hawatoki katika kila watu 100 unaowaona barabarani. Wanafunzi, wagonjwa, wazee na waliokwisha kukata tamaa hawamo katika hesabu hiyo hata kidogo.

Kipimo cha taifa cha Tanzania hulegeza sharti la kutafuta, na kwa sababu nzuri: mahali ambapo hakuna kiwanda, hakuna ofisi ya ajira wala tangazo ukutani, mtu aende kutafuta kazi wapi? Ndiyo maana kipimo chetu hutoa karibu asilimia 10, ilhali cha kimataifa, kwa nchi hiihii, hutoa chini ya asilimia 3.

Sasa mketishe mwanao mbele ya dodoso hilo. Wiki nzima alikuwa mezani kwake Mwanjelwa tangu asubuhi hadi giza linaingia. Huenda siku ya Jumanne aliuza chaja moja tu na faida yake ikaishia kwenye chai na chapati, lakini saa moja ya kazi ya faida alikwisha kuitimiza kabla ya saa tatu asubuhi. Katika takwimu mwanao ana ajira. Hayumo miongoni mwa wale tisa au kumi. Kipimo hiki kilikulia katika nchi ambazo mtu akiachishwa kazi hulipwa fao la kujikimu huku akitafuta nyingine, na kwa hiyo anaweza kumudu kukaa bila kazi kwa miezi kadhaa. Kwetu anayeweza kukaa miezi sita akisubiri kazi inayolingana na cheti chake ni yule ambaye nyumbani kwao kuna wa kumlisha. Wengine hupanga nyanya, hubeba mizigo stendi au huendesha bodaboda ya mtu kwa hesabu ya jioni. Asilimia ndogo ya Tanzania inakuambia kwamba Watanzania wachache tu wanamudu kukaa bila kufanya chochote. Haikuambii chochote kuhusu kipato cha hao wanaofanya.

Mfano ulio karibu nasi ni Rwanda. Mwaka 2013 wataalamu wa takwimu za kazi walikutana Geneva wakakubaliana kwamba mtu anayelima chakula cha nyumbani kwake tu anafanya kazi, ndiyo, lakini asihesabiwe kuwa na ajira. Rwanda ilipoanza kutumia kanuni hiyo katika utafiti wake wa nguvukazi, kiwango cha ukosefu wa ajira kiliruka kutoka karibu asilimia 2 hadi zaidi ya asilimia 15. Hakuna kiwanda kilichofungwa wala mtu aliyefukuzwa kazi. Majembe yaliendelea kulima milima ileile.

Utauliza: kwa nini basi kijana wa Afrika Kusini asiye na kazi asipange nyanya kama wa kwetu? Wapo Watanzania waliorudi kutoka huko wanaokujibu kwamba wenyeji ni wavivu. Jibu hilo nalikataa kabisa, maana linafuta historia. Sheria ya ardhi ya mwaka 1913 iliwatengea Waafrika karibu asilimia 7 tu ya ardhi ya nchi yao, na ya mwaka 1936 ikapandisha kiwango hicho hadi takriban 13. Ukulima mdogo wa kujitegemea, ambao kwetu ndio unaopokea kila anayekosa kazi mjini, ulivunjwa kwa makusudi ili watu waende migodini na kwenye mashamba ya wazungu. Sheria za pasi, zilizofutwa mwaka 1986 tu, zilimzuia mtu mweusi asikae mjini bila mwajiri, na biashara katika vitongoji vyao ilibanwa kwa leseni na makatazo. Ubaguzi ulipokwisha, maduka makubwa yalikuwa tayari kujaza nafasi ambayo kwetu hujazwa na genge la mama Fulani. Leo ajira zisizo rasmi ni kama theluthi moja ya ajira zote za nchi hiyo, ilhali kwa Afrika kusini mwa Sahara kwa jumla zinazidi nane katika kila kumi. Sisi anayekosa mshahara huangukia kwenye jembe au kwenye meza ya machinga. Wao wengi huangukia kwenye pensheni ya uzee ambayo serikali humlipa bibi.

Historia hiyo bado inaonekana ukitazama jimbo kwa jimbo. Western Cape, lenye jiji la Cape Town, kiwango chake rasmi kiko karibu na asilimia 20, na jirani yake Eastern Cape kinakaribia 40. Watu husema Western Cape inaongozwa vizuri zaidi, na huenda hilo lina ukweli wake. Lakini tangu mwaka 1955 hadi 1984 ilikuwa sera ya serikali kwamba ajira za Western Cape wapewe kwanza watu iliowaweka katika kundi la machotara, na Waafrika wasiohitajika warudishwe Transkei na Ciskei, maeneo ambayo leo yamo ndani ya Eastern Cape. Kwa hiyo sehemu ya tofauti inayosomwa leo kama ufanisi wa jimbo moja na uzembe wa jingine ilitengenezwa kwa amri, watu wakabebwa kwa malori na treni.

Limpopo nako kuna funzo. Mwaka 2019 kiwango chake rasmi kilikuwa karibu na asilimia 20, ukaweza kudhani ni jimbo la neema. Ukiwaongeza waliotaka kazi lakini wakaacha kutafuta, kiwango kilipita 40. Vijiji vyake viko mbali na miji, nauli ya kwenda kuuliza kazi ni ghali, na mtu anayejua kwamba hakuna kitu huko hawezi kuendelea kulipa nauli kila wiki ili tu ahesabiwe. Kwa nchi nzima kipimo hicho kipana kilikuwa asilimia 43.1 mwanzoni mwa mwaka 2025.

Na Dar es Salaam? Utafiti wa nguvukazi wa mwaka 2014 uliikuta na zaidi ya asilimia 20, mara mbili ya kiwango cha nchi, na vijijini pakawa chini kabisa. Hilo halipingani na watu kukimbilia Dar. Kukimbilia kwenyewe ndiko kunakoleta idadi hiyo. Mtu haendi mjini kwa sababu kazi ni nyingi. Huenda kwa sababu kazi ikipatikana inalipa mara kadhaa ya kile anachopata shambani, na kwa tumaini hilo yuko radhi kusubiri. Kenya ililiona hili mapema. Mwaka 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana kwamba wafanyakazi wasigome wala kudai nyongeza ya mishahara, na waajiri nao waongeze watu, asilimia 10 kwa kampuni binafsi na 15 serikalini. Nafasi ziliongezeka kweli, lakini habari ilipofika vijijini wakaja watu wengi kuliko nafasi zilizokuwapo, na foleni ya wasio na kazi ikarefuka. Wachumi John Harris na Michael Todaro waliijengea nadharia hali ya namna hiyo mwaka 1970, nami sijaona nadharia nyingine inayomweleza kijana wa Kiafrika vizuri zaidi.

Nadharia hiyo ndiyo inayomwita mwanao Johannesburg. Kima cha chini cha mshahara cha Afrika Kusini, kilichoanza Machi 2025, kilikuwa randi 28.79 kwa saa, yaani karibu shilingi 4,000 za kwetu. Saa nane za kazi ya namna hiyo zilikuwa zaidi ya shilingi 30,000 kwa siku. Rafiki yake hasemi uongo kwamba fedha zipo. Asichokueleza pengine ni uwezekano wa kuzipata, kwa mgeni, katika nchi ambayo karibu nusu ya wenyeji wenye umri wa miaka 15 hadi 34 walio katika nguvukazi hawana kazi.

Umeuliza serikali zinafanya nini. Afrika Kusini imejaribu mengi. Tangu mwaka 2004 ina mpango wa kazi za umma za muda, wa kutengeneza barabara, kufyeka vichaka na kuhudumia wagonjwa. Tangu Januari 2014 humpunguzia kodi mwajiri anayeajiri kijana wa miaka 18 hadi 29. Mwaka 2020, wakati wa korona, ilianzisha posho ya randi 350 kwa mwezi kwa wasio na kipato, nayo sasa ni 370, na ikaajiri mamia ya maelfu ya vijana kuwa wasaidizi mashuleni. Tathmini yangu ni kwamba mipango hii imewazuia watu kufa njaa, nayo isidharauliwe, ingawa randi 370 haifiki nusu ya randi 796 ambazo ofisi yao ya takwimu ilikadiria mwaka 2024 kuwa ndizo za kumnunulia mtu mmoja chakula cha kutosha kwa mwezi. Lakini uchumi uliokua kwa karibu asilimia 1 kwa mwaka, au pungufu, kwa zaidi ya miaka kumi, huku umeme ukikatwa kwa zamu, hauwezi kupokea vijana wanaomaliza shule. Migodi ya dhahabu pekee iliajiri zaidi ya watu 500,000 katika miaka ya 1980, na leo haifikishi 100,000.

Kwetu mkono wa serikali ni mwepesi zaidi. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya malalamiko ya vikundi hewa na madeni yasiyolipwa, kisha ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Naiunga mkono, ila ina kasoro ambayo sisikii ikisemwa sana: kwa kuwa inatokana na mapato ya halmashauri yenyewe, jiji lenye mapato makubwa lina mfuko mnono na halmashauri ya pembezoni ina mfuko mwembamba. Dawa inakwenda zaidi kwa aliye na nafuu. Fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2018, hulipa theluthi ya mshahara kwa miezi sita kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 kisha akaachishwa kazi. Mwanao ambaye hajawahi kuwa na mwajiri halimhusu.

Tuje sasa kwa safari yenyewe. Wazee wa Rungwe, wilaya yenu, wa kizazi cha babu zetu walikwenda migodini kupitia Wenela, shirika lililoandikisha vibarua wa migodi ya Afrika Kusini, wakiwa na mkataba, usafiri na tarehe ya kurudi, hadi Tanganyika ilipousitisha utaratibu huo baada ya uhuru. Kazi yenyewe ilikuwa ya mateso, lakini aliyeondoka alijua anakwenda kwa nani. Mwanao anaitwa bila mkataba. Mtanzania huingia Afrika Kusini bila viza kwa siku 90, na siku hizo ni za matembezi, hazimruhusu kufanya kazi. Akizipitisha kwa zaidi ya siku 30 anaweza kuzuiwa kuingia tena kwa miaka mitano. Cheti chake cha VETA hakitambuliki kule mpaka kikatathminiwe na mamlaka yao ya sifa za kitaaluma, SAQA, na fundi umeme huhitaji zaidi ya hapo kabla hajaruhusiwa kufunga umeme wa nyumba kwa jina lake. Posho na kazi za muda nilizozitaja hazikuwekwa kwa ajili ya mgeni aliyekuja kutafuta. Juu ya hayo, ukosefu wa ajira ukipanda mgeni huwa wa kwanza kulaumiwa: mwezi Mei 2008 watu zaidi ya 60 waliuawa katika mashambulizi dhidi ya wageni, ghasia zikarudi mwaka 2015 na 2019, na mwaka 2022 serikali yenyewe ilitoa rasimu ya sheria ya kuweka ukomo wa wageni katika sekta kadhaa. Sisemi haya kukutisha. Wapo Watanzania wanaoishi vizuri Johannesburg, lakini wengi wao ninaowafahamu walikwenda na kibali, na ujuzi uliokwisha kutambuliwa.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, usiuze shamba kwa safari ya siku 90. Akipata mwajiri anayemtaka kwa maandishi, na kibali cha kazi kikatoka akiwa bado hapa, basi suala hilo lifunguliwe upya. Na hata hapo ningependelea mkope kwa dhamana ya mavuno yajayo kuliko kuuza ardhi, maana parachichi huzaa kila mwaka na ekari iliyouzwa Rungwe hairudi kwa bei ileile. Wakati huohuo ningemtazamisha upande mwingine wa ramani. Nguzo za umeme za REA, wakala wa umeme vijijini, zimefika vijijini kwa maelfu, gharama ya kuunganishiwa kijijini imekuwa shilingi 27,000, na kaya nyingi zilizo chini ya nguzo bado hazijafunga nyaya ndani. Fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, ana kazi huko ambayo fundi asiye nayo haruhusiwi kuifanya. Ni kazi ya vipande, ya kuzunguka na begi la vifaa na kudai malipo kwa awamu, na sikufichi kwamba haitalipa kama Johannesburg ingelipa endapo mambo yangenyooka. Lakini ndiyo inayoendana na miaka aliyosoma.

Kuna mambo ambayo maandishi hayatoshi. Kwa leseni na masharti ya mkopo wa kikundi, aende mwenyewe kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata na kwenye ofisi ya EWURA ya kanda, akiwa na vyeti halisi. Akitokea wakala anayeahidi kazi ya nje, asimpe pasipoti wala shilingi kabla ya kuuliza TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, kama mtu huyo ana kibali cha kazi hiyo. Ukiona anamharakisha, nendeni wote wawili. Na ikiwa kijana amekwisha kuamua na atakwenda hata bila shamba, vijana ndivyo walivyo, basi usigombane naye: bakia na nakala za nyaraka zake zote, na akifika ajiandikishe kwenye ubalozi wetu Pretoria.

Kabla ya yote hayo, mpigieni yule rafiki simu ya video, nawe uwe umeketi hapo. Mwulize anaishi chumba gani na watu wangapi, ana kibali cha aina gani na kinaisha lini, na katika miezi mitatu iliyopita aliwatumia wazazi wake kiasi gani. Akikwepa swali la kibali, usiuze hata mti mmoja.